Siku Watu Walipojipanga Nyuma ya Mama

Kengele ya shule yetu si kengele. Ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa waya kwenye mkorosho, na kiranja anayeigonga kwa nondo nadhani ana ugomvi wa siri na masikio yetu. Juzi iligongwa katikati ya kipindi cha siasa, mwalimu akiwa ndiyo kwanza ameuliza: "Kwa nini mwananchi hujiunga na Chama?" Wenzangu wakaanza kumwaga ya kitabuni: umoja, ukombozi, kujitegemea. Mie ile ngaa! ya ringi ilinibeba ikanitua Temeke, mtaani kwetu, niko darasa la pili, sina meno ya mbele. Nikaanza kucheka peke yangu. Nikatolewa nje. Basi ngoja niwaambie nyie kilichonichekesha, maana mwalimu hakutaka kusikia.

Mtaani kwetu ringi ilining'inia barazani kwa Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa kanzu safi na magoti mabovu, balozi wetu wa nyumba kumi tangu mie sijazaliwa. Ikilia tu, mwenye kusuka mkeka aliacha, mwenye kunyoa aliacha kichwa nusu, wote wakaenda kikaoni. La mgambo likilia kuna jambo. Sie watoto tulifuata nyuma, kwa sababu jambo la wakubwa ni tamu kuliko kashata.

Enzi hizo nilikuwaga mtoto wa maswali. Niliona watu wana vikadi vya Chama wanavitunza kuliko viatu, nikataka kujua utamu wake. Mzee Mwinshehe alinitolea chake, kimekuwa rangi ya chai kwa moshi. "Mie nilijiunga siku za kudai uhuru, mjukuu wangu. Nilikichomeka kwenye makuti, mkoloni akiingia anaona paa tu." Jirani yetu Mama Chausiku, muuza vitumbua, yeye hakuzunguka: "Sikukuu tunapandishwa lori mpaka uwanjani, tunacheza ngoma, kanga mpya za sare. Wewe ungekataa?" Nisingekataa. Nilitaka kadi palepale, na kitumbua juu yake.

Mama yangu alinijibu neno moja huku akijiweka kata ya kubebea debe kichwani: "Maji."

Bomba la karibu lilikuwa kule upande wa Tandika. Kila siku mama aliondoka na debe alfajiri, akasimama foleni, akarudi jua limeshakuwa kali, shingo imekaza kama mlingoti. Mzee Mwinshehe alikuwa akienda vikao vya tawi, kila mara akiahidi kwamba safari hii atalisema la bomba, na kila mara akirudi amehadithia kadi na makuti, muda umekwisha. Hakuwa mtu mbaya. Ni kwamba maji yalifika nyumbani kwake kichwani kwa mkewe, akadhani yanakuja yenyewe.

Ndipo mama akatangaza atagombea ubalozi.

Jamani! Mtaa ulichemka kama sufuria ya pweza. Mwanamke! Tena Mmwera wa Nachingwea, wa kuja, hana hata kaburi la babu hapa mjini! "Atatuamulia kesi na debe kichwani?" aliuliza kinyozi. Mama Chausiku akamjibu kutoka kwenye kikaango: "Afadhali debe. Wewe kichwani huna hata hilo."

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mwenye kadi tu ndiye aliyeruhusiwa kupiga kura, na baba hakuwa nayo. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mpakia mizigo bandarini, bingwa wa mzaha (mnajua sasa mie Mwajuma nimerithi kwa nani). Kila akishawishiwa alisema, "Mie nina vyama viwili: chama cha mazishi na mama Mwajuma. Cha tatu nikiweke wapi?" Mama hakumsihi. Siku kadhaa alikuwa akiosha vyombo kwa kelele. Jioni moja baba akarudi, akaweka kadi mpya kabisa juu ya sinia la ugali. "Haya. Nimeolewa na Chama. Nipakulie mchuzi." Mama aligeuka upesi akachochea moto ambao ulikuwa hauhitaji kuchochewa.

Sasa, kabla sijawapeleka uwanjani, kumbukeni jambo moja. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Utani si utani wa kucheka tu, ni haki. Alipofariki mama yake Mzee Mwinshehe, baba alishuka kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwani amechoka kubeba Wazaramo. Waombolezaji walicheka na machozi yao, jogoo akaletwa, na hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi. Kila mtu mtaani alijua hivyo.

Isipokuwa katibu wa tawi. Huyu alikuwa kijana mgeni kutoka Bukoba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, amekuja kusimamia uchaguzi. Aliweka viti viwili kwenye uwanja mbele ya baraza, Mzee Mwinshehe huku, mama kule, akaamuru: kila mwanachama asimame nyuma ya amtakaye. Ringi ikalia. Mama Chausiku alikimbia wa kwanza kusimama nyuma ya mama, unga bado uko mikononi. Kinyozi kwa Mzee. Huyu huku, yule kule, mke huku, mume kule, vumbi linatimka! Mie nilikuwa juu ya pipa nahesabu kwa vidole, vikaisha, nikahamia vya miguuni. Foleni zilikuwa sawasawa, na mtu mmoja tu ndiye aliyebaki katikati.

Baba.

Ungedhani kesi imekwisha. Lakini baba aliona watu wote wanamtazama, na mtu wa aina ile akitazamwa na watu wengi hawezi kujizuia. Akaanza kucheza. Akazungusha kiuno, akaelekea kwa mama, akageuka ghafla, akarusha miguu mpaka nyuma ya Mzee Mwinshehe, akainama kama anayejitwika mzigo. "Mpagazi nimefika! Nimekuja kumbeba Mzaramo wangu, hata choo hafiki peke yake!"

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Mie nusura nianguke na pipa. Tulipofuta machozi, katibu alikuwa ameshahesabu, ameshaandika, na anasoma: "Mshindi, kwa kura moja, ndugu Mwinshehe."

Kicheko kilikatika kama uzi. Baba alibaki ameinama. "Ndugu katibu, ule utani…"

"Ndugu, umesimama hapo kwa miguu yako," katibu alisema.

Nilimtazama mama. Hakumlaumu mtu. Alinyanyuka, akaanza kukaza kanga kiunoni, vile alivyokaza akienda kuchota maji.

Ndipo Mzee Mwinshehe akainuka kwa magoti yake mabovu, akashika fimbo, akakata uwanja polepole. Akaenda kusimama nyuma ya mama. Mwisho kabisa wa foleni, kama mtu aliyefuata maji.

"Mzee! Wewe ndiye mshindi!" katibu alipaza sauti.

"Mtani akikuzawadia, humwachi hivihivi," alisema Mzee. "Huyu mpagazi kanipa kura. Nami nampa chake: mkewe amtawale na nje, kama anavyomtawala ndani. Hesabu upya, mwanangu."

Waliokuwa wamejipanga nyuma yake wakatazama kiti kitupu. Kinyozi akawa wa kwanza kuhama, akicheka kwa aibu, kisha wengine, mpaka upande ule akabaki mtu mmoja ameinamia kiti kisicho na mtu. Katibu akamwonyesha kwa kalamu. "Na huyu?"

"Huyo mume wa mgombea," wakajibu watu kwa pamoja.

Bomba lilikuja, baada ya mama kuuganda mlango wa tawi kama kupe. Lakini si bomba lililonirudia juzi ringi ilipolia. Ni pale mama alipogeuka kuona nani yuko nyuma yake. Alitazama muda mrefu, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, nami nikadhani ni vumbi. Siku zote nilizofuatana naye Tandika alikuwa akitazama migongo ya watu. Sikuwa nimewahi kumwona mbele.

Mzee Mwinshehe alimwachia ringi ile, akawa anakuja kikaoni mapema kuliko wote, anahadithia makuti yake, na mama anamwacha amalize.

Baba mpaka leo ukimuuliza kwa nini alijiunga na Chama, hujibu bila kupepesa macho, "Nilitumwa na mke wangu."

"Nilikutuma," mama humkatiza kutoka jikoni, "ukapotea njia."