Mkono Aliounyoosha Mukagasana

Nilidhani Mukagasana aliikataa dawa. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza majirani zangu wa mtaa wa Mabanga, kwa uhakika wa mwalimu aliyemaliza chuo kikuu, na kwa muda mrefu sikuona sababu ya kujisahihisha.

Alikuwa mjane kutoka kijiji cha Kalengera aliyeikimbia vita, akawa anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, ufuoni Kituku. Kitabu cha Ufunuo alikisoma kama wengine wanavyosikiliza habari za redio: volkano yetu aliikuta humo, vita pia, hata simu. Yeye hakuwa na simu, kwa sababu kuandikisha laini kulidai alama ya kidole, na imeandikwa kwamba mnyama atawatia watu chapa katika mkono wa kuume.

Kipindupindu kilipoua watu watatu Kituku, timu ya chanjo iliweka meza karibu na mahali tunapochota maji ya ziwa. Kila mtu alipakwa wino kidoleni kwanza, ili asirudi mara ya pili, kisha akapewa dawa anywe. Mukagasana alipanga foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, alinyoosha mkono wa kushoto.

"Mama, leta ule wa kuume," alisema Magloire, mpakaji wa wino.

"Paka huu, papa. Wino si ni ule ule?"

"Bote bamepakwa kuume. Weye ni nani?"

"Miye ni mutu wa Mungu. Paka huu, nikunywe dawa, niende kukaanga samaki yangu."

Mwanamke mmoja nyuma yake akapaza sauti: "Mama Ufunuo, toka kwa foleni! Jua inatuchoma, na munyama wako hata hajafika!"

Watu wakacheka. Nami, niliyekuwa kwenye foleni hiyo na nisiyependa kupitwa kwa maneno, nikaongeza: "Muache, Magloire. Shetani mwenyewe hawezi kutaka mukono ya kunuka sambaza."

Kicheko kikazidi. Mukagasana akanigeukia.

"Mwalimu," alisema, "weye mwenye ulisoma."

Akaufunika mkono wake kwa kitenge, akaondoka bila kunywa.

Siku ya tisa alianza kuharisha. Tulimbeba juu ya kiti hadi kituo cha matibabu. Kufikia saa sita mchana alikuwa amekufa, uso umemnywea hata sikumtambua. Makaburini waumini wenzake hawakulia. Walimshukuru Mungu kwamba dada yao amekufa na mkono safi, na mchungaji akatunyooshea kidole sisi tuliopakwa wino. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba unabii ndio uliomuua. Maelezo hayo yalinitosha.

Miezi miwili baadaye Magloire aliniletea ripoti yake ya kazi nimsahihishie Kifaransa. Aliiambatanisha na karatasi za maagizo ya chanjo, ambazo hakuwa amezisoma. Ukurasa wa pili uliagiza kwamba wino upakwe kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto.