Bisibisi ya Bi Sikio

Wako watu wanaobandikwa jina la utani kwa kuonewa tu. Bi Sikio alilipata lake kwa haki, akalibeba miaka thelathini na tisa bila kulionea haya hata siku moja.

Alikuwa fundi wa mota. Ukimletea mota, kabla hajagusa spana, huchomoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, ncha akaigusisha kwenye chuma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Kisha anakwambia, "Beringi ya kushoto." Fungua uone: ni beringi ya kushoto. Mafundi wenye vipimo vya umeme vya kila aina, kazi zikiwashinda walizileta kwake, wakijitia kwamba walikuwa wanapita tu kusalimia.

Kazi aliipata kwa mjomba wake, aliyekuwa akisuka mota za pampu, yaani kuzifunga waya mpya za shaba. Mjomba hakutaka kumwona mezani. Alimpa ufagio akusanye vipande vya shaba sakafuni. Siku moja, ufagio mkononi, msichana akasema ile mota inayozunguka pale haitafika Ijumaa. Mjomba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alhamisi mota ikafa. Mjomba alisogeza kigoda cha pili mezani, na mpaka anafariki hakukiondoa.

Baiskeli za umeme zilipoingia, mafundi wengi walizikimbia, maana mota yenyewe imejificha ndani ya gurudumu la nyuma. Bi Sikio alitafuta moja iliyokufa akaipasua sebuleni kwake, kipande kwa kipande. Wiki nzima mumewe, mwalimu mstaafu, alikula akiwa na sumaku mezani, na kila akiweka kijiko chini kinamkimbia. Hakulalamika. Naam, alilalamika, lakini kidogo.

Baiskeli ya mkunga wa zahanati ililetwa Jumatatu, ikisukumwa.

"Dada, inanguruma lakini haiendi," mkunga alisema. "Na goti langu unalijua. Bila mota kile kilima sikipandi, na wajawazito wangu wengine wako kule juu."

"Niachie. Jumanne jioni uje uichukue."

Alifungua nati, akatoa gurudumu, akalegeza skurubu za mfuniko, akauvuta taratibu maana sumaku za mota hazipendi kuachana na chuma chao. Ndani, gia tatu za nailoni zilikuwa zimelika meno mpaka zimekuwa laini. Mota ilizunguka, gia zikateleza, gurudumu likatulia tuli. Bi Sikio alifurahi. Gia hizo ni za nailoni makusudi, ili ziumie zenyewe na chuma kipone. Akaosha grisi nyeusi kwa mafuta ya taa, akaweka gia mpya, akapaka grisi kwa kidole, kiasi tu, kwa sababu ikizidi huchuruzikia kwenye waya. Beringi, zile pete za gololi zinazobeba ekseli, alizisikiliza, akaridhika, akafunga.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo fundi wa kawaida asingelifanya. Fundi wa kawaida hana sikio la kujivunia. Angezitoa beringi nje, akazitazama kwa macho, akazizungusha kwa kidole. Bi Sikio hakuwahi kuwa na haja ya kujisumbua hivyo.

Alhamisi asubuhi mkunga akarudi, juu ya baiskeli safari hii, uso umekunjamana.

"Inakwenda vizuri, dada, ila inapiga mluzi. Nikiteremka unakuwa mkali mpaka mbwa wanainua vichwa."

Baiskeli ikapinduliwa, matairi juu. Mkunga akawasha. Bi Sikio akabana bisibisi sikioni, akafumba macho. Alichosikia ni ngurumo nzito, tulivu, safi.

"Ni gia mpya, bado zinazoeana," alisema. "Wewe nenda tu."

Mkunga akaenda. Angekuwa fundi mwingine angebishana naye, lakini huyu alikuwa Bi Sikio.

Jirani yake wa kibaraza cha karakana, fundi cherehani, aliinua kichwa kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiipinda. "Umemwacha aende na mluzi ule? Mimi umeniingia mpaka kwenye fizi."

"Mluzi upi?"

Fundi cherehani akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akamwona uso, kicheko kikamkauka. "Bi Sikio," alisema polepole, "hata simu yako. Inalia hapo mezani mpaka inachoka. Nilidhani kuna mtu unamkwepa."

Bi Sikio akakaa kwenye kigoda. Alikumbuka birika la filimbi, ambalo lilikauka maji mara mbili mwezi ule naye yuko jikoni humo humo. Alikumbuka ndege wa alfajiri, aliodhani wamehama. Akamkumbuka mumewe, mwenye sauti nyembamba, ambaye mwaka huu alikuwa amepoa kabisa, hata yeye akawasifia majirani jinsi uzee ulivyomtuliza mzee wake.

Aliogopa, na sitaki kumpamba: aliogopa sana. Bi Sikio asiye na sikio ni nani? Nani atamletea mota? Na mluzi unaokuwa mkali mteremkoni, alijua, ni wa beringi inayokufa. Akapata wazo la haraka, la kumwita mkunga kesho kwa kisingizio cha kuongeza grisi, abadilishe beringi kimyakimya, jina libaki palepale. Lilikuwa wazo zuri tu, ila kesho ilikuwa mbali. Mkunga alipanda kilima kila siku saa tisa alasiri, akashuka saa kumi na moja. Beringi ikipasuka kwenye mteremko, gurudumu hukwama ghafla, na aliye juu yake hurushwa.

Alimpigia simu. Imezimwa, mkunga akiwa kazini huizima. Basi akafunga karakana saa saba mchana, jambo ambalo fundi cherehani hakuwahi kulishuhudia, akatupia spana na beringi mpya mkobani, akachukua bisibisi yake na kwenda zahanati kwa miguu, mbio mbio.

Nje ya zahanati wanawake wapatao kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Nusu yao walikuwa na feni au pampu iliyowahi kupita mikononi mwake. Mkunga alitoka, mfukoni ana ile pembe ndogo ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

"Baiskeli usiipande leo," Bi Sikio alisema, akihema.

"Si umesema ni gia?"

Angeweza kumvuta pembeni. Ukuta ulikuwepo, na mlango ulikuwa wazi. Alibaki alipo.

"Nilisema. Lakini mluzi huo sikuusikia, mdogo wangu. Sikio langu limekwisha."

Mama mmoja akashika mdomo.

Bi Sikio na mkunga waliipindua baiskeli, mkunga akawasha, na wanawake wote wakakunja nyuso. Mmoja akaziba masikio. Bi Sikio aliziona nyuso hizo, na ndizo zilizomwambia mluzi ulivyo mkali. Akabana bisibisi sikio la kulia: ngurumo ile ile safi. La kushoto, vilevile. Kisha, na mpaka leo hajui wazo lilitoka wapi, akaupachika mpini katikati ya meno, akauma.

Akaikuta. Haikuwa sauti, ilikuwa chengachenga inayotambaa kwenye taya, mchanga kabisa, kama umeuma mboga isiyooshwa. Akahamisha ncha upande wa pili wa ekseli: laini. Akairudisha: mchanga.

"Ya kulia," alisema, bisibisi bado iko mdomoni, mate yanamtoka, na hakuna aliyecheka.

Aliifungua palepale kivulini, chini ya ukuta wa zahanati, akina mama wakimshikia skurubu kwenye viganja vyao. Beringi ya kulia ilikuwa imeingia maji. Gololi zimeshika kutu, na kile kibanio kinachozishikilia kimepasuka mahali pawili. Akamwekea mkunga mkononi. Mkunga akaizungusha kwa kidole, ikakwama, akaizungusha tena.

"Ningeshuka nayo leo."

"Ungeshuka nayo."

Mkunga akachomoa ile pembe yake mfukoni. "Mimi nami nakula kwa sikio, dada. Siku likiniacha, Mungu anipe mdomo kama wako."

Beringi mpya ilipoingia, Bi Sikio hakuyaamini masikio yake mwenyewe. Aliuma mpini, akahisi ulaini, halafu akawageukia wanawake. "Nyinyi mnasikia nini?" Wakasikiliza, wamenyoosha shingo wote. "Hamna kitu, mama," wakasema, na hapo ndipo alipokusanya spana zake. Saa tisa mkunga alipanda kilima, na saa kumi na moja akashuka.

Siku hizi juu ya meza yake kuna kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi: MOTA HUSIKILIZWA NA WATU WAWILI. Mteja anasikiliza, fundi anauma, na hakuna beringi inayorudi ndani bila kutolewa, kutazamwa na kuzungushwa kwa kidole, hata kama mwenye baiskeli ana haraka ya kufa mtu. Mota zimeongezeka. Fundi cherehani alijaribu kumwita Bi Meno. Jina halikushika, naye anaumia mpaka leo.

Lakini jioni ya siku ile, kabla ya kibao na yote hayo, alirudi nyumbani akamkuta mumewe kwenye kiti chake na gazeti. Akavuta kiti kingine karibu sana, magoti yakagusana, akamweleza habari yote, ya mluzi na meno na benchi la wanawake. Mzee akashusha gazeti.

"Tangu lini unasema nami sikusikii?" Bi Sikio akamuuliza.

"Mwaka mzima," mumewe alijibu, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia darasani.

"Na ukaona unyamaze tu?"

"Sikunyamaza. Nilidhani nimekuudhi, umeamua kutonijibu. Kila jioni hapa nimekuwa nikikuomba radhi."

Bi Sikio akamkazia macho. Miezi yote ile alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake, akishona au akisafisha spana, akifurahia utulivu. "Radhi ya kosa gani?"

"Sikulijua. Niliomba ya yote, kuanzia tulipooana."

Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akausogeza uso wake mpaka mbele ya midomo ya mumewe, kama alivyozoea kuisogelea mota.

"Anza upya," alimwambia. "Na safari hii paza sauti."