Tarishi wa Baba na Mama

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi ile baba na mama walipoacha kusemeshana, nami nikapata kazi.

Nilikuwa na miaka sita hivi. Tulikaa Bagamoyo, mji mkongwe, nyumba moja na bibi mzaa baba. Baba alikuwa seremala. Mama kwao Miono, na huko ndiko mdogo wake alikoolewa wiki ile. Baba aliahidi kutupeleka harusini, lakini akazama katika kuchonga mlango wa mteja mpaka siku ikapita. Mama hakupiga kelele. Alinyamaza tu, na mama yangu akinyamaza, hata kuku uani walijua.

"Zuhura," akaniita, "mwambie baba yako uji tayari. Akitaka anywe, asipotaka aumwage."

Nikakimbia barazani. "Baba, mama anasema karibu uji."

"Mwambie sitaki. Nimeshiba kununiwa."

Nikarudi mbio. "Mama, baba anasema ameshiba, ahsante."

Usidhani nilikuwa na hila, mwanangu. Maneno marefu yalinishinda kuyabeba, na mengine niliyaona hayana adabu, basi nikayaacha njiani. Kwangu ulikuwa mchezo mtamu. Wakubwa waliozoea kunifukuza nikacheze mbali, leo wote wananiita!

Kisha nikamkuta mama chumbani anakunja kanga zake na kuzitia mkobani. Gauni langu la sikukuu nalo lilikuwamo.

"Tunakwenda Miono, kwa babu yako," akasema bila kunitazama. "Kamwambie."

Sikwenda. Nilisimama pale mlangoni, nikiwaza baba atabaki na nani. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Baba anasema usiende. Nani atamkuna mgongo?"

Mama akaduwaa. "Kasema hivyo baba yako?"

"Ndiyo."

Akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Bibi, aliyekuwa akitusikia tangu asubuhi, naye akaangua kicheko huko jikoni. Alipokwisha kujifuta machozi, akaja chumbani, akamwita baba na kumsimulia habari ya mgongo.

"Mmemfanya mtoto mshenga wa watu waliokwisha kuoana?" akawauliza, na sasa hakuwa akicheka. "Mtazameni anavyotetemeka. Haya, yasemeni wenyewe."

Baba aliuona mkoba kitandani, uso ukamshuka. "Mgongo sikuutaja," akasema taratibu, "lakini mtoto hakusema uongo. Nimekukosea, mke wangu. Nisamehe."

"Mdogo wangu ndiye wa kuombwa radhi," mama akajibu.

"Kesho nitakwenda."

"Leo," akasema bibi.

Tukaondoka siku ile ile, mimi nimekaa katikati yao garini. Njia nzima walizungumza wao kwa wao, mpaka nikasinzia.

Basi, mwanangu, nawe sasa una mwenzio na mtoto anayetambaa. Kukosana mtakosana, nyumba zote hukosana. Lakini semezaneni nyinyi wenyewe, uso kwa uso, hata kama sauti itapanda kidogo. Msimtwike mtoto maneno yenu, kwa sababu ataogopa peke yake na wala hatawaambia. Na ukijua umekosa, liseme mapema, usimngoje mzee aje kukusemesha.

Mola aijaze nyumba yenu mazungumzo na vicheko, na wanenu walale usingizi wa watoto. Amina.