Shati la Daudi

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyopulizia mbaazi kule Maisaka, mimi na kaka yangu Daudi, mjomba wako usiyemjua. Dawa alituuzia Bura, kaipima kwenye chupa ya maji, haina karatasi wala jina. Namtaja Bura. Duka analo mpaka leo, na salamu yake siitikii.

Bomba la kupulizia alilobeba Daudi lilikuwa linavuja. Shati likalowa mgongo mzima. Mimi nililowa kanga. Kufika nyumbani, Daudi mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa kama punje ya ulezi, mimi natapika.

Jirani yetu Bibi Paulina akapiga kelele, "Wavueni nguo! Waogesheni na sabuni!" Mimi akanivua mwenyewe pale uani, watu wanatazama, nalia.

"Lia tu, binti. Aibu utaiona ukiwa mzima."

Daudi akazuiwa. Mzee Sulle, naye namtaja, alisimama mlangoni: "Mwanaume mzima avuliwe mbele ya shemeji zake? Leteni maziwa!"

Wakammiminia maziwa, na sumu inazidi kumwingia mgongoni. Gari la kwenda hospitali lilipopatikana, keshakata roho. Shati lilivuliwa wakati wa kumwosha maiti. Hapo hakuna aliyeona aibu.

Sasa wewe uko chuo kikuu. Juzi kwenye simu ulinieleza kazi yako, nami niliishia darasa la nne, nikakurudisha nyuma mara nyingi. Unachukua fosforasi iliyoshikana na naitrojeni na klorini. Klorini unaitoa, unaweka florini, na naitrojeni haibanduki. Kinachotoka hugeuka mvuke upesi, hushikamana na madini kama nikeli, na kikikutana na maji huzaa asidi inayokula nyama mpaka mfupa. Ulisema si dawa ile ya mbaazi. Nimesikia. Lakini ukoo wa fosforasi ni ule ule, na mimi sikulala.

Basi shika neno langu. Kila chupa iandike jina. Usifungue kitu nje ya lile kabati linalovuta hewa. Na kikikurukia, vua kila kitu hapo hapo, awepo profesa, wawepo wavulana, jimwagie maji, ukimbizwe hospitali. Atakayecheka acha acheke.

Mungu ailinde ngozi yako na pumzi yako, mwanangu. Akuweke, uje unizike wewe.