Mama Alivyotuchagulia Simu ya Intaneti

Mimi hushona mikoba ya ngozi sokoni Kariokor, na mke wangu hushona mishipi nyumbani kwetu Tassia. Tulianza kutafuta simu ya intaneti baada ya mchungaji mmoja kuniagiza mkoba, kisha akampigia mke wangu kuuliza umefika wapi. Mke wangu hakuwa na habari za mkoba huo, akadhani ni kazi mpya, akaushona. Mchungaji akashonewa mikoba miwili. Aliichukua yote, akatuombea.

Tulichotaka ni namba moja tu, inayolia kwangu na kwake kwa pamoja, ikipitia waifai. Kampuni tatu zilikubali tujaribu huduma zao, kila moja wiki moja. Mke wangu akachora jedwali nyuma ya kalenda: sauti, kukatika, na adabu.

Ya kwanza ilichelewesha sauti. Mteja wangu wa Eastleigh aliuliza, "Mishipi myeusi iko?" Nikajibu, "Ndiyo, mama!" Jibu halikumfikia, akauliza lingine: "Ama utanizungusha kama juzi?" Hapo ndipo "Ndiyo, mama!" yangu ilipofika. Akakata.

Ya pili ilikuwa safi kama mtu amesimama kando yako. Ila walikuwa wameweka sauti ya mwanamke mlangoni: "Karibu sana, mpendwa. Kwa mikoba, bonyeza moja. Kwa mishipi, bonyeza mbili." Niliifurahia, nikawatumia watu wote namba hiyo mpya, pamoja na mama yangu kule Kakamega.

Siku ya tatu, asubuhi, Mama akatokea kibandani na begi lake la safari. Hakunisalimia.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Huyo anayekushikia simu. Nimemsalimia mara tatu. Ni karibu mpendwa, karibu mpendwa, lakini hataki kusema ni wa wapi."

"Mama, hiyo ni mashine."

"Baba yako naye alikuwa na maneno kama hayo."

Nikaona dawa ni kumwonyesha. Nikapiga ile namba, nikaongeza sauti. Mwanamke akatukaribisha. Mama akainamia simu: "Wewe binti, huyu ana mke na watoto. Toka polepole."

Sauti ikajibu: "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali jaribu tena."

Mama akanitazama. "Umemsikia? Ati nijaribu!"

Wauza viatu vya akala wa vibanda vya jirani waliacha kugonga misumari ili wasikie vizuri. Nilitamani kuingia ndani ya mkoba.

Nilimpeleka Tassia. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamshika Mama mkono. "Hata mimi siku ya kwanza nilishtuka, Mama," akasema. Sikuwa nimejua. Akaenda kwenye kalenda, na chini ya adabu akaandika sufuri.

Wiki ya tatu Mama alikuwa bado kwetu. Kampuni hii haikuwa na mwanamke wala muziki. Simu ililia tu, kwangu na kwake. Siku moja stima ikapotea Tassia, waifai ikazima, na namba ikawa inalia Kariokor peke yake. Mke wangu akawapigia wenye kampuni kwa simu yake ya kawaida. Bwana mmoja akapokea mara moja, akamweleza jinsi ya kuelekeza simu zije kwa laini hiyo ya kawaida stima ikipotea. Mama akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Wewe ni mtu?"

"Ndiyo, mama. Mimi ni mtu."

"Wa wapi?"

"Wa Murang'a."

"Umekula?"

"Bado, mama."

Mama akarudisha simu. "Chukueni hawa."

Tukawachukua. Sauti yao hukwaruza kidogo, na mke wangu husema ile ya pili ilikuwa bora, lakini husema akiwa mbali na Mama.

Nilipomsindikiza kupanda basi la kurudi nyumbani, Mama alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli ilikuwa mashine. Nikamwapia. Akanikazia macho, akapanda basi.