Karatasi ya Katikati

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipimiwa sukari natazama mizani kwanza, halafu namtazama muuzaji. Mgeni akisifu banda langu la kuku, akiondoka nawahesabu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimefumbua jicho moja, nikimchungulia mkunga. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba yaliyotokea mtaani kwetu Shanwe miaka ile ya tisini yalinipata kwa bahati mbaya.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na jirani yangu alikuwa fundi cherehani. Mimi Mfipa, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na tuliutumia utani wetu bila kubania. Aliweza kuingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akala, akatoka akilalamika kwamba Wafipa hawajui chumvi. Nami nikipita kibarazani kwake nilimtangazia wateja kwamba vitambaa vyao vinapungua kwa sababu fundi ana watoto wengi wa kuvisha. Wateja walicheka, na yeye alicheka kuliko wateja.

Gazeti la mwisho wa wiki tulilinunua kwa ushirika. Lilikuja na treni ya Tabora, limechelewa siku tatu au nne, na katikati yake kulikuwa na karatasi moja iliyochomekwa tu, haina hata namba ya ukurasa. Humo ndimo ilimokuwa katuni yetu: karani mnene wa kijijini na mbuzi wake anayemzidi akili. Fundi alilipokea gazeti kwa kuwa kibaraza chake kilikuwa kando ya njia ya stesheni. Mimi nikitoka shule nilimpitia, nikasoma katuni kwa sauti, miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani. Kisha niliikata nikaenda kuibandika kwenye kaunta buku kwa uji wa muhogo. Gazeti lililobaki alilikatia vipimo vya kola na mikono ya mashati, akavitundika kwenye msumari.

Wiki moja katuni haikuwemo.

"Mtani, karatasi ya katikati iko wapi?"

"Nimeila na mlenda," akajibu bila kuinua macho.

Nikacheka. Wiki iliyofuata ilikuwemo, iliyofuata tena ikakosekana. Nikauliza, akasema amesokotea tumbaku. Mara nyingine akasema amemshonea mkewe gauni, niende nikaone linavyompendeza. Nilirudi nyumbani nikiyapima majibu hayo moja moja. Mtu asiye na hatia hukataa, nikawaza, na huyu kila nikimuuliza anakiri. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Nikafanya uchunguzi. Kulikuwa na karani mmoja wa Ilembo aliyenunua gazeti hilohilo, nikamfuata kwa baiskeli. "Hata langu halina, mwalimu," akaniambia. Badala ya kushukuru na kwenda zangu, niliondoka pale nikijua kwamba sasa wako wawili.

Mke wangu alinishangaa. "Baba watoto, mtu ana foleni ya nguo za Pasaka mpaka barabarani, aache kushona aibe mbuzi wa kuchorwa?" Alivyomtetea kwa moyo namna ile, nikaanza kumtazama na yeye.

Iliyonimaliza ni wiki ya mnada. Karani wa kwenye katuni alikuwa amemfunga mbuzi kamba, anampeleka mnadani akamuuze, na katuni ikaishia hapo. Wiki mbili mfululizo hakuna kitu. Ilipotokea tena, mbuzi yuko nyumbani kwa karani, anatafuna kofia ya mnunuzi. Amerudije? Nani anajua? Nikaona kabisa kwamba fundi anajua, na kwamba anakaa na siri ya mnada huo huku ananichekea usoni. Nikaenda kumshtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

Kwetu watani hawashtakiani. Mtani atabeba jembe lako aondoke nalo, atakuzuia mlangoni kwenye msiba wako mpaka umpe chochote, na ukimpeleka mbele ya wakubwa watakucheka wewe. Fundi alikuja kwa balozi akitabasamu, akijua huu ni utani wa mwaka. "Nifungeni," akasema, "lakini nyie mumwambie mtani awe ananipikia, tena aweke chumvi." Balozi akacheka mpaka akafuta macho.

"Mimi sitanii," nikasema. Nikafungua kaunta buku, nikaonyesha kwa kidole pale palipokosekana.

Fundi alikwenda kwake, akarudi na vipimo vyote vya kwenye msumari, akavitandaza mkekani kimoja kimoja. Palikuwa na habari za mpira, matangazo ya vifo, matangazo ya sabuni. Mbuzi hakuwepo hata kwato. Balozi akasema hakuna ushahidi, na mimi nikawaza kwamba ameshauficha.

"Kwa hiyo siku zile zote," fundi akaniuliza, "ulikuwa unaniuliza kweli?"

Nikasema ndiyo. Akakusanya karatasi zake, akaondoka.

Hakuja tena kufunua sufuria. Katuni nayo ilizidi kuadimika, ikahamishiwa kwenye kona ya ukurasa wa michezo, ikawa ndogo mpaka mbuzi huwezi kumtofautisha na mbwa, mwisho ikaondolewa kabisa na nafasi yake ikachukuliwa na kuponi za bahati nasibu. Fundi alibeba cherehani yake akahamia Sibwesa kulima. Niliwaambia watu dhamiri imemsuta.

Muongo ulipokaribia kwisha, watu walianza kuikumbuka ile katuni. Ofisini kwa walimu na kwa kinyozi ilisimuliwa upya, na waliokuwa hawajaisoma ndio waliosimulia kwa madaha zaidi. Gazeti likatangaza kwamba, kwa maombi ya wasomaji, litairudia tangu mwanzo. Nikaitoa kaunta buku yangu sandukuni. Kila wiki nililinganisha picha kwa picha, nikingojea zile zilizoibwa. Ikafika ya mnada. Ya wiki iliyofuata ilikuwa mbuzi nyumbani, anatafuna kofia. Katikati hapakuwa na kitu.

Nikashuku kwamba wameruka. Nikamwandikia mhariri barua kali, na jibu likachapwa: hawajaruka chochote. Miaka ile kulikuwa na wiki ambazo karatasi ya katikati haikuchapwa kabisa, na katuni ilisubiri mpaka ichapwe tena. Ama mbuzi kurudi bila maelezo, ndiko kulikokuwa kichekesho chenyewe.

Nilisoma nimesimama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mke wangu alisoma baada yangu, akakunja gazeti, akanirudishia. "Sasa nenda," akasema.

Nilipanda lori la magunia hadi Sibwesa. Fundi alikuwa amenenepa kidogo, mvi zimeanza. Nilimpa gazeti, nikamwambia kila kitu, nikaomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Yamekwisha, mwalimu," akasema. Alinichinjia kuku, akaninawisha mikono mwenyewe, akasifu chakula alichokipika mkewe na akauliza habari za shule. Kila sentensi ilikuwa na heshima yake. Nilikaa pale nikingoja anitukane hata kidogo tu.

Alipokuwa ananisindikiza tukapita kwenye kihenge chake, kimejaa mahindi mpaka juu. Nikaona nianze mimi.

"Mtani," nikamwambia, "shamba la nani limelia mwaka huu? Haya mahindi umeyaiba wapi?"

Alisimama. Hakucheka.

"Hapana, mwalimu, nimelima mwenyewe," akasema. Kisha akamwita jirani yake aje anithibitishie.