Besi Iliyomnyima Mchungaji Amina

Jumapili, tarehe 11 Juni 1972. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, kisha joto likapanda hata mvuke ukawa unatoka kwenye lami. Kufikia saa nne madirisha yote ya Kanisa la Nuru ya Asubuhi, upande wetu wa magharibi wa mji wa Dayton, yalikuwa wazi, na Cleotis Wardlow alikuwa amepiga magoti chini ya kinanda. Hakuwa anasali. Alikuwa anatafuta mahali pa kuchomeka amplifaya, kipaza sauti cha gitaa lake la besi.

Cleotis alikuwa mpiga besi wa Pasi za Moto, bendi ya fanki, muziki wa dansi wenye besi nzito, iliyosimama nyuma ya mwimbaji Lavelle Stovall. Nyuma hasa. Kwenye majalada ya sahani za santuri Stovall alijaa uso mzima, na wapigaji wakaonekana vipande vipande. Mama yake Cleotis aliwaonyesha wageni majalada matatu yenye kiwiko cha mwanawe. Lakini kila kijana wa mitaa yetu aliyeshika besi alimwiga Cleotis, si Stovall. Watu walikwenda kazini kiwandani wakivumisha nyuzi zake, wasijue jina la mwenye vidole.

Stovall hakuandika muziki wala hakuhesabu. Aliongoza kwa koo. Akiguna “hah!” mara moja, bendi nzima inahamia sehemu nyingine ya wimbo. Akisema “shusha,” pigo la kwanza la kila mzunguko linaanguka zito zaidi. Na wimbo hauishi mpaka aangushe mikono yote miwili. Kabla ya hapo mnaendelea, hata nyumba ikiwaka moto. Siku moja huko Toledo alipaliwa na pipi ya kikohozi jukwaani. Bendi ilihama mara nne kabla mtu hajagundua kwamba bosi anakaribia kufa, na wasikilizaji wakaomba sehemu ile irudiwe.

Sasa Cleotis alitaka kumwoa Verdell, mwalimu wa darasa la pili, binti wa Mchungaji Ansel Purnell. Alikwishakataliwa mara mbili. Mara ya kwanza Mchungaji alisema binti yake hatalishwa kwa muziki wa viuno. Mara ya pili aliongeza tu sauti ya televisheni. Ndipo Verdell akatoa shauri: baba amwache Cleotis apige ibada moja, na kijana akileta aibu, Verdell mwenyewe hatalitaja tena jina lake. Mchungaji alikubali upesi mno, kama mtu aliyekwishajua matokeo.

“Piga taratibu, kijana,” alimwambia mlangoni. “Ukinitikisia viuno humu ndani, mimi hunioni tena, na yeye humwoni.”

Nyimbo zilikwenda salama. Cleotis alipiga kama mtu aliyebeba mayai, na Dada Oletha, mpiga kinanda wetu, alifika mahali pa kumtabasamia. Kisha Mchungaji akapanda mimbarini na kuomba besi ibaki chini chini wakati anahubiri. Somo lilikuwa bonde la mifupa mikavu, ile ambayo nabii aliiona ikifufuka.

Sisi tuliokulia pale tuliijua namna ya Mchungaji Purnell. Huanza kwa kusema, akaingia kuimba, na akikolea hufunga kila pumzi kwa mguno. Cleotis hakujua. Alilelewa na Wamethodisti watulivu, na Jumapili zake nyingi zilimkuta safarini na Stovall.

“Mifupa ikatikisika,” Mchungaji aliimba, “hah!”

Vidole vya Cleotis vilimsikia bosi. Vikahama. Pigo la kwanza likaanguka, vioo vya madirisha vikaitikia. Dada Oletha alimtazama juu ya miwani, kisha akamfuata, maana angekwenda wapi? Mchungaji alishtuka, lakini neno lake lililofuata likatua barabara juu ya pigo, na la pili yake likatua pamoja na mguu wake.

“Mfupa ukaja kwa mfupa mwenzake, hah!”

Kanisa likasimama. Shemasi Tolliver, ambaye kwa kawaida huamshwa wakati wa sadaka, alisimama wa kwanza.

Shida ilikuja mwishoni. Mchungaji alifunga Biblia yake na kutangaza kwamba anamalizia. Cleotis, macho yamefumbwa nusu, alitazama mikono ya Mchungaji. Haikuwa imeanguka, basi aliendelea. Na mtu hawezi kusema amina huku besi ile inamvuta mguu. Mchungaji akaifungua tena Biblia. Akaifunga. Mifupa ilikuwa imekwishavaa nyama, imesimama, imekuwa jeshi kubwa, na hakukuwa na jambo lililobaki la kuifanyia. Akaanza kuitaja mmoja mmoja, kuanzia kidole cha mguu. Akina mama waliokuwa jikoni, chini ya kanisa, wakipika kuku wa baada ya ibada, walizima jiko, wakawasha tena, mwishowe wakapanda juu kuona kuna nini, wakabaki huko.

Mchungaji aliinama juu ya mimbari. “Kijana,” alinong’ona, “shusha.”

Cleotis akashusha, kama Stovall alivyomfundisha. Kofia tatu za akina mama zilianguka.

Kilichotuokoa ni uchovu. Mchungaji alifika kwenye nyonga, nguvu zikamwishia, akajitupa kitini, mikono yote miwili ikaning’inia. Hapohapo besi ikakatika.

Nilikuwa ninamimina maji ofisini mwa Mchungaji walipoingia yeye, Verdell na Cleotis. Kola yake ilikuwa imelowa. Cleotis alisimama mlangoni, kofia mkononi, tayari kuomba radhi.

“Umenifanya nihubiri mpaka kuku wameungua,” Mchungaji alisema.

“Ndiyo, Mchungaji.”

“Nimehubiri nyonga. Mbele ya akina mama.”

“Nilisikia, Mchungaji.”

Mchungaji alikunywa maji yote, kisha akasema, akiutazama ukuta, kwamba Shemasi Tolliver na wenzake wanauliza kama besi itakuwepo Jumapili ijayo. Cleotis alimtazama Verdell. Verdell aliitazama dari.

“Mgeni hupiga mara moja akaenda zake,” Cleotis alisema kwa unyenyekevu wote. “Mkwe ndiye hupiga kila Jumapili.”

“Hiyo ni hongo.”

“Baba,” Verdell alisema, “Yakobo alichunga kondoo ili apewe mke.”

“Miaka saba. Na mwisho wake akapewa dada mtu.”

“Mimi sina dada, baba.”

Mchungaji alijaribu kukunja uso, lakini pua ilimsaliti; kicheko kilitokea huko. Akauliza Stovall atasemaje. Cleotis akajibu kwamba Stovall atabaki na Jumamosi zake, na kwa Jumapili atatafutiwa kiwiko kingine.

“Septemba,” Mchungaji alisema. “Na kabla ya hapo utanifundisha namna ya kukuzima.”

Mwaka ule haukuisha kabla makanisa mengine ya mitaa yetu hayajanunua amplifaya, na wahubiri waliozoea kusimama wima walionekana wakihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu.

Lakini kesho yake ile ibada, Jumatatu asubuhi, Cleotis hakulala hadi mchana kama watu wa bendi. Alirudi kanisani na Verdell, akaitoa amplifaya chini ya kinanda, akaipigilia kibao cha kuikalisha chini ya mimbari, karibu kabisa na miguu ya Mchungaji, aweze kuizima mwenyewe kwa kidole cha mguu. Kisha wakanawa mikono, wakaenda mjini kuchukua kibali cha ndoa kabla mzee hajaamka na kubadili mawazo.